Kushinda na Kushindwa: Habari za Neno Moja na za Kibera

Msomaji, ukifungua kitabu cha historia kilichoandikwa kwa Kiingereza, hasa kile kinachosimulia vita na falme, hukawii kukutana na kitenzi "vanquish". Ukiitazama kamusi utaambiwa kwamba maana yake ni kushinda, nawe pengine utaifunga kamusi na kuendelea kusoma, ukidhani kwamba neno umekwisha kulijua. Lakini kulijua jina la mtu si kumjua mtu mwenyewe, na neno nalo ni vivyo hivyo. Neno hili lina asili yake na jamaa zake. Lina mahali linapofaa na mahali lisipofaa. Tena lina desturi ya kufunika mambo ambayo msomaji wa historia yampasa kuyafunua. Katika insha hii tutalichunguza neno lenyewe kwanza, kisha tutalipeleka mahali penye habari ndefu za kushinda na kushindwa. Mahali hapo ni Kibera, katika jiji la Nairobi, ambamo imo Sarang'ombe, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra, pamoja na Makina, Lindi, Laini Saba na Woodley.

Na tuanze na asili. Warumi wa kale walikuwa na kitenzi "vincere", maana yake kushinda. Julius Caesar, alipopata ushindi wa haraka katika Asia Ndogo mwaka 47 kabla ya Kristo, yasemekana alituma habari kwa maneno matatu tu, na la mwisho katika hayo matatu lilitoka katika kitenzi hicho. Baadaye Kilatini cha Warumi kilizaa Kifaransa, na neno likabadilika sura kidogo katika vinywa vya Wafaransa. Mwaka 1066 William, Mtawala wa Normandy, alivuka bahari, akalipiga jeshi la Waingereza karibu na mji wa Hastings, akajitwalia ufalme. Kwa miaka mingi baada ya hapo mabwana wa Uingereza walisema Kifaransa, na wakulima wakasema Kiingereza. Katika hali hiyo maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, na kufika karne ya 14 "vanquish" lilikuwa limekwisha kuwa miongoni mwake.

Hebu fikiri jambo hilo. Waingereza hawakuwa wamekosa neno la kushinda. Walikuwa na "overcome", tena walikuwa na "win", ambalo zamani lilikuwa na maana ya kutaabika na kupigana. Lakini waliposhindwa nyumbani kwao, walijifunza neno jingine la kushinda kutoka katika lugha ya wale waliowashinda. Basi usistaajabu kwamba hata leo neno hilo lina harufu ya ikulu, ya mahakama na ya vitabu, wala halina harufu ya sokoni.

Tuyatazame sasa matumizi yake. Kwanza, herufi ya "n" iliyomo ndani yake hutamkwa kwa sauti ile ile ya ng' unayoisikia katika jina la Sarang'ombe. Basi mwanafunzi wa mahali hapo hana udhuru wa kulitamka vibaya. Pili, ni kitenzi kinachotaka mtendwa: lazima awepo adui, au jeshi, au hofu, au maradhi yaliyoshindwa. Tatu, ni neno zito. Mtu akimtangulia mwenzake kwa alama mbili katika mtihani wa hesabu, hatusemi kwamba amem-"vanquish". Tukisema hivyo, ni kwa mzaha. Timu ikifunga bao moja dakika ya mwisho, neno jepesi la "beat" latosha. Kitenzi chetu kinafaa pale ambapo mmoja ameshindwa kabisa, hata hawezi tena kusimama kushindana. Nne, neno hili hutumika pia kuwataja watu wenyewe walioshindwa, na aghalabu hufuatana na neno la mshindi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria vilipokwisha mwezi wa Januari 1970, Jenerali Yakubu Gowon alitangaza kwamba hapana mshindi wala aliyeshindwa, na neno alilolitumia kwa aliyeshindwa ni hilo hilo. Alijua uzito wake. Alitaka watu wa upande wa Biafra wasiitwe kwa jina ambalo lingewaandama mpaka kaburini.

Neno hili lina jamaa wengi katika Kiingereza, na kuwajua jamaa husaidia kumjua mtu. Kutoka katika mzizi ule ule wa Kilatini yametoka "victory", yaani ushindi, na jina la Malkia Victoria, ambalo John Speke alilibandika kwenye ziwa letu kubwa mwaka 1858, ingawa watu wa pwani zake walikuwa na majina yao tangu kale. Yametoka "convince", yaani kumshinda mtu kwa hoja, na "convict", yaani kumtia mtu hatiani baada ya kumshinda barazani. Tena limetoka "evict", ambalo ni kumtoa mtu katika nyumba au ardhi. Neno hilo hapo kwanza lilikuwa neno la sheria: kumshinda mtu katika daawa na kuitwaa mali aliyokuwa akiishika. Lishike sana neno hili la mwisho, maana tutalihitaji tutakapofika Kibera.

Je, Kiswahili chasemaje? Sisi tuna "kushinda", na neno hili ni la ajabu, maana limebeba mizigo miwili ambayo lugha nyingi zimeigawa. Twasema "ameshinda vita", nasi twasema "ameshinda nyumbani", yaani amekaa nyumbani mchana kutwa. Jioni twaulizana, "Umeshindaje?" wala hatuulizi habari za mapigano, twauliza jinsi mtu alivyoupitisha mchana. Sikiliza sentensi hizi mbili: "Mama ameshinda njaa" na "Mama ameishinda njaa". Katika ya kwanza mama hakula kutwa nzima. Katika ya pili amepata njia ya kuiondoa njaa nyumbani kwake. Silabi moja ndogo imegeuza maafa kuwa ushindi. Tena twasema "kazi imenishinda", na hapo kazi ndiyo mshindi na mtu ndiye mshinde. Hata neno "aghalabu", tulilolipata kwa Waarabu, lina mzizi mmoja na kitenzi chao cha kushinda, maana jambo lililo la aghalabu ndilo lililoyashinda mengine kwa wingi.

Yaonekana basi kwamba "kushinda" peke yake hakutoshi kufasiri "vanquish". Katika tafsiri nzuri yafaa tuseme "kushinda kabisa", au "kutiisha", au "kuangamiza nguvu za", kwa kadiri ya habari inayosimuliwa. Lakini Kiswahili nacho kina jambo ambalo Kiingereza hakina: kinatukumbusha kwamba baada ya vita kuna kushinda kwingine, kule kwa kukaa mchana kutwa, siku baada ya siku, mahali ambapo mtu ameachwa na vita. Historia ya Kibera ni historia ya maana zote mbili.

Chimbuko la historia hiyo liko mbali, kaskazini. Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka jeshi kuitwaa Sudani. Mojawapo ya mambo aliyoyataka huko ni watu wa kuwatia katika majeshi yake. Kwa miaka mingi baadaye watu wa makabila mengi ya kusini ya Sudani na ya Milima ya Nuba walitekwa na kuandikishwa askari kwa nguvu. Hivyo watu walioshindwa walifanywa chombo cha kuwashindia wengine. Kisha gurudumu likageuka. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, na tarehe 26 Januari 1885 wafuasi wake waliuteka mji wa Khartoum na kumwua Jenerali Gordon. Huko kusini, katika jimbo la Equatoria, gavana wake, Mjerumani Eduard Schnitzer aliyeitwa Emin Pasha, alibaki na askari wake wamekatiwa njia ya kurudi Misri. Emin aliondoka mwaka 1889 pamoja na Henry Stanley kuelekea pwani. Askari wengi walibaki nyuma karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey, bila ya serikali na bila ya mshahara.

Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwafikia, akawachukua kuwa askari wake katika Uganda, pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao wengi. Askari hao walitumiwa kulinda ngome na kupigana na wafalme waliopinga utawala mpya, miongoni mwao Kabalega wa Bunyoro, aliyekamatwa mwaka 1899. Lakini wao wenyewe hawakuwa wameridhika. Mishahara yao ilikuwa midogo na ilichelewa, na safari zao hazikuwa na mwisho. Mwaka 1897, walipoamriwa kufunga safari nyingine ndefu ya kaskazini, baadhi yao waliasi na kuiteka ngome ya Lubwa katika Busoga. Serikali ilileta askari kutoka Bara Hindi na pwani ili kuwavunja. Basi katika muda wa miaka michache tu watu hao walikuwa wameshindwa, wameshinda, na kushindwa tena. Je, mwandishi awaweke upande gani wa kitenzi chetu?

Tarehe 1 Januari 1902 majeshi ya Kiingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati yaliunganishwa, likaundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu wengi walizoea kuliita kwa herufi tatu tu, KAR. Katika jeshi hilo Wasudani, ambao leo twawaita Wanubi, walikuwa na nafasi kubwa. Mwaka 1904 serikali ilitenga mahali pa mazoezi ya jeshi kusini-magharibi mwa Nairobi. Palikuwa na miti mingi, na Wanubi wakapaita "Kibra", maana yake katika lugha yao ni msitu. Waliomaliza utumishi wao waliruhusiwa kujenga na kulima hapo kwa vibali, na mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Ilikuwa na ekari 4,197.

Yakupasa kukumbuka, msomaji, kwamba katika miaka hiyo hiyo KAR ilitumwa kuwatiisha watu wa nchi hii. Katika nchi ya Wanandi watu walipigana na serikali kwa zaidi ya miaka kumi, nao hawakukubali reli ipite kwao bila ya kupingwa. Kiongozi wao alikuwa Orkoiyot Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kukutana na afisa wa KAR, Richard Meinertzhagen, katika mkutano uliokusudiwa kuwa wa mazungumzo ya amani. Aliuawa hapo hapo, yeye na baadhi ya wenzake. Baada ya hayo vita vya mwisho vilipiganwa, mifugo ikatwaliwa, na Wanandi wakasukumwa katika eneo walilokatiwa.

Sasa pima mwenyewe. Mtu akiandika kwamba Wanandi walikuwa "vanquished" mwaka 1905, je, amesema kweli? Amesema kweli kwa upande mmoja, maana vita vilikwisha na serikali ikatawala. Lakini kitenzi hicho kinasikika kama habari ya mashujaa wawili waliokutana uwanjani mchana kweupe, mmoja akamwangusha mwenzake. Hakimwambii msomaji kwamba kiongozi alipigwa risasi alipokwenda kuzungumza. Neno kubwa limekuwa kama zulia zuri lililotandikwa juu ya damu. Kwa hiyo kila unapolikuta neno hili katika kitabu, uulize maswali manne. Nani alishinda? Alimshinda nani? Alimshinda kwa njia gani? Na swali la nne, ambalo waandishi wengi hulisahau: ushindi huo ulidumu mpaka lini?

Tuliulize swali hilo la nne kwa askari wa KAR. Vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 vilipiganwa pia katika nchi zetu, baina ya Waingereza na Wajerumani. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kukoma Ulaya. Uingereza ilihesabiwa kuwa mshindi. Lakini makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi; na jina la kikosi chao cha wachukuzi limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na katika Kariokor ya Nairobi. Sanamu za askari na mpagazi zimesimama mpaka leo katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, na maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa.

Ahadi ya kukumbukwa ilichongwa katika jiwe. Ahadi ya ardhi haikuandikwa mahali popote. Wanubi wa Kibera walikaa kwa vibali tu. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, iliwaona kuwa wapangaji wa serikali wanaokaa kwa ridhaa yake, ijapokuwa ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, watu wa makabila mengine waliozidi kuja Nairobi kutafuta kazi walijenga Kibera, na vijiji vikaongezeka kandokando ya reli na mto. Sehemu za ardhi ya zamani zilijengwa mitaa ya serikali na ya watu binafsi. Wale waliowashinda wengine kwa niaba ya Dola wakajikuta hawana hata karatasi ya kuonyesha kiwanja walichozaliwa. Watoto wao walipata taabu kubwa hata kuandikishwa kuwa raia. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba watoto hao wamenyimwa haki zao. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi hati ya kumiliki ardhi ya ekari 288 kwa jumuiya yao. Piga hesabu, nawe utaona kwamba hizo hazifiki sehemu saba katika kila mia ya ekari za mwaka 1918.

Sasa tulirudie lile neno nililokuomba ulishike, "evict". Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, maduka na shule zilibomolewa, na maelfu ya watu wakabaki bila ya makao. Barabara ni kitu chema, na jiji lisilo na barabara halisitawi. Hilo hapana anayelikana. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetaja makao yanayofaa kuwa haki ya kila mtu, na sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2016 imetaka watu wapewe taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Katika Kilatini, kumtoa mtu nyumbani kulikuwa ni kumshinda kwanza mbele ya hakimu. Sheria yetu nayo inataka haki itangulie tingatinga. Pale tingatinga linapotangulia, hapo hakuna hata ushindi wa mahakamani. Kuna nguvu tu, na kitenzi "kushinda" hakina haki ya kutajwa.

Pengine utauliza: je, watu wa Kibera ni watu walioshindwa? Mgeni anayepita juu juu huona mabati na tope, naye hukimbilia kusema ndiyo. Mtazame lakini mama wa Sarang'ombe anayeamka kabla ya jua kutoka, akachota maji, akauza maandazi, akalipa karo ya mtoto, na jioni jirani yake akamwuliza, "Umeshindaje?" Naye hujibu, "Nimeshinda salama." Mama huyo hakusema kwamba amemwangusha mtu. Hata hivyo mchana ulikuwa na magumu yake, naye ameupitisha wote bila ya kuangushwa. Kiingereza, pamoja na wingi wa maneno yake, hakina kitenzi kimoja chenye kuzibeba maana hizo mbili kwa pamoja.

Basi, kijana unayesoma, jifunze neno "vanquish", ulitamke vyema na ulitumie mahali pake. Katika insha zako za Kiingereza lihifadhi kwa mambo mazito, wala usilimwage kama chumvi katika kila chungu. Lakini unaposoma historia, usiruhusu kitenzi chochote, kiwe cha Kiingereza au cha Kiswahili, kikufanyie kazi ya kufikiri. Mtafute aliyeshindwa, usikie upande wake. Chunguza njia ya ushindi. Kisha fuatana na mshindi miaka hamsini mbele, ukaone kama bado ameshika alichokitwaa. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo ni la kweli katika michezo, ambamo sheria ni moja kwa wote. Katika mambo ya haki, yakupasa kwanza kuuliza kama mashindano yenyewe yalikuwa ya haki, na iwapo hayakuwa, basi anayekataa kukubali naye yampasa kusikilizwa.